Padi ya Malkia

Mwenye banda la gemu aliitwa Refa, kwa sababu wateja walipogombana juu ya goli yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Alilipenda jina hilo kuliko banda lenyewe, ambalo lilikuwa chumba kimoja chenye runinga tatu, mabenchi ya mbao na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Sheria ya pale ilikuwa fupi: anayefungwa ampishe mwenzake.

Siku fundi cherehani wa duka la jirani alipoingia na kuomba kucheza, benchi zima lilitabasamu.

"Dada, hapa hatushoni," alisema muuza nyama, ambaye kwa mpira wa kwenye runinga hakuwa na mpinzani.

Yule dada akacheka nao, akaketi, akamfunga mabao manne. Akamfunga kinyozi. Akamfunga kila aliyejitia kifua mbele, mpaka wanaume wazima wakaanza kukumbuka shughuli za nyumbani. Muuza nyama akapotea wiki nzima, na wenzake wakamfuata.

Hapo ndipo Refa alipofanya alilolifanya. Alikuwa na padi moja mbovu ya kuchezea gemu, ambayo kijiti chake cha kukimbizia wachezaji kilivuta kulia chenyewe hata usipokigusa. Ilikuwa ya kutupwa. Akaizungushia utepe mwekundu, akaitundika kwenye msumari wa peke yake, na fundi alipokuja akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, Malkia. Sitaki hawa waishike na mikono yao ya mafuta."

Muuza nyama, aliyekuwa amebembelezwa mpaka akarudi, aliitazama ile padi, akamtazama Refa, akakohoa. Fundi akashukuru kwa heshima aliyopewa. Jioni hiyo alifungwa na kila mtu, na banda likajaa vicheko kama zamani.

Refa alijiambia ni utani wa siku mbili tatu. Kumbe fundi alidhani mchezo umempotea tu, akaongeza bidii. Kila alipofunika cherehani yake alikuja, akafungwa, akauliza amekosea wapi. Wakamwelekeza, tena kwa upole, jambo ambalo mpaka leo linamchefua Refa akilikumbuka. Pole pole kidole gumba cha yule dada kikajifunza kuegemea kushoto ili kukizuia kile kijiti, bila mwenyewe kujua. Miezi ikapita, akaanza kuwafunga tena. Safari hii hawakukimbia. Walipiga makofi, wakaita "Malkia", wakawaleta na jamaa zao wamwone. Kila jioni Refa alipanga kwamba kesho atampa padi nzima. Kesho ikifika, aliona haya: angeanzia wapi?

Kisha waandaaji wa mashindano ya mji wakatangaza nafasi moja ya mwanamke, ya majaribio, waone kama jambo lenyewe linafaa. Refa mwenyewe ndiye aliyempendekeza fundi. Picha yake ikabandikwa mlangoni mwa ukumbi, na wasichana waliotoka shule wakawa wanasimama kuitazama.

Ni ukumbini, watu wameshajaa, ndipo Refa alipoambiwa kwamba padi za nyumbani haziruhusiwi. Zimeletwa mpya, sawa kwa wote. Muda wa kusema ulikuwepo. Fundi alimgeukia na kumuuliza, "Kaka, una neno la mwisho?"

"Cheza kama kawaida yako," alisema Refa.

Akacheza kama kawaida yake. Kila pasi ilikwenda kushoto. Mshambuliaji wake alitoka nje ya mstari na mpira, mara ya kwanza, mara ya pili, na ukumbi ukacheka. Mtangazaji akasema angalau picha ilikuwa nzuri. Mwandaaji mmoja akanyoosha mikono: "Si tumejaribu?" Refa alisimama nyuma akikitazama kile kidole gumba, na katika ukumbi mzima hakuna aliyekielewa isipokuwa yeye na watu wake.

Kesho yake fundi alikuja bandani, lakini hakuketi.

"Nimekuja kuaga, kaka. Nimewaangusha wanawake wenzangu. Kumbe uhodari wangu ulikuwa wa hapa tu, kwa sababu mlinipenda."

Refa angeweza kumwacha aende. Tangu usiku alikuwa akijishauri hivyo. Lakini alishindwa kumsikia akijitukana kwa kosa lisilo lake. Akaitungua ile padi, akaiunganisha, akaiweka mezani na kutoa mikono. Kwenye runinga mchezaji mmoja akaanza kukimbia kulia peke yake, akaenda mpaka pembeni ya uwanja, akabaki anakimbia palepale.

"Ilikuwa hivi tangu siku niliyokupa," alisema Refa. "Nilijua. Nilitaka ufungwe."

Fundi alikitazama kidole gumba chake.

"Nani mwingine alijua?"

Refa alifikiri kusema ni yeye tu. "Wote."

Fundi akaligeukia benchi. Muuza nyama alikuwa akikagua viatu vyake, kinyozi naye kaishika simu iliyozimwa.

"Sasa mlikuwa mkishangilia nini?"

Mwanzoni walishangilia utani wao. Baadaye walimshangilia yeye, kweli kabisa, kwa moyo wote. Refa alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na alijua pia kwamba hata akiapa, yule dada hatamwamini tena.