Abiria wa Kamukuywa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu nioe, safari yangu ndefu imekuwa kutoka kwenye kochi hadi duka letu la dawa za mifugo hapa Kitale, na hata hiyo nilikuwa nikirudi kula chakula cha mchana. Kwa hivyo nilipomwachia binti yetu duka, kisha nikanunua pikipiki ya mtumba na kamera, watu wa nyumbani walidhani nimeanza kuugua.

Lakini hayo mambo niliwahi kuyafanya. Nilipomaliza Form Four nilizunguka na pikipiki ya mjomba na kamera ya filamu, nikapiga picha za milima, madaraja na ng'ombe wa watu. Kisha nikaoa, nikapata ng'ombe wangu mwenyewe, na sikuona tena haja ya kuwapiga picha.

Mke wangu hakunikataza. Yeye hakatazi, huweka masharti. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa ameshakuja kuiangalia ile pikipiki, akaikalia, akayapiga magurudumu teke, akasema yuko tayari kuinunua wakati wowote. Basi mke wangu akaniambia, "Nenda mpaka Bungoma, urudi siku hiyo hiyo ukiwa juu ya hiyo kitu, si nyuma ya pikapu ya watu. Na ulete picha moja ya maana. Ukishindwa, mzee wa kanisa aje aichukue." Nikauliza picha ya maana ni ya aina gani. Akasema nikiiona nitaijua, na nisipoijua yeye ataijua.

Akaninunulia pia kizibao cha manjano, kile kinachong'aa, ili malori yanione.

Niliondoka Jumamosi asubuhi nikiwa na mpango mkubwa: nishuke hadi Kamukuywa, nikate kona ya Kimilili, nipande mpaka Cheptais nikaupige picha Mlima Elgon kwa karibu, halafu niteremkie Bungoma. Kufika Kamukuywa mgongo ulikuwa umeshaanza kuniuliza maswali. Nikasimama kando ya soko penye kivuli, nikatoa kamera, nikawapiga picha wanawake waliokuwa wakipanga ndizi. Sikujua kwamba nimesimama katikati ya steji ya bodaboda.

Nikahisi pikipiki ikididimia kwa nyuma. Kugeuka, mama mmoja mzee alikuwa ameshakaa, ameshajipanga, kigunia chake cha maharagwe kimebanwa katikati yetu.

"Mabanga," akasema. "Na usikimbie."

Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi si mtu wa boda. Akaangalia kizibao, sawa na vya wenye boda wote pale, akaangalia pikipiki, akauliza kama mimi si wa boda, hapa steji nangoja nini. Wenye boda walikuwa wanacheka, na mmoja akasema, kwa lafudhi ya huko ya kuigeuza l kuwa r, "Mzee, beba tu mama. Reo si ni zamu yako, bana." Kwetu mama wa umri ule akishakaa humshushi. Unaanza kumshusha ukimshika wapi? Nikawasha injini, Cheptais ikabaki huko juu.

Aliniambia nisikimbie, nami nikamtii kabisa. Tulipopita Misikhu akanigonga begani.

"Kijana, hii safari ni ya reo ama ya kesho?"

"Mama, si ulisema nisikimbie?"

"Nilisema usikimbie. Sikusema urare."

Nikaongeza mwendo, hasa kwa sababu ya hilo neno kijana, ambalo sijaitwa tangu nywele zangu ziondoke. Tulipoingia barabara kuu pale Webuye, malori yakitupita kama nyumba, alitaka kujua kwetu ni wapi, nina watoto wangapi na wanafanya nini. Aliposikia nina wajukuu akaacha kuniita kijana. Akauliza ni mke gani anaachilia mzee kama mimi barabarani.

Langoni kwake, Mabanga, alifungua kibeti. Nikakataa kulipwa. Hapo ndipo aliponitilia shaka kweli. Mtu wa boda asiyetaka pesa anataka nini? Kisha akaiona kamera shingoni mwangu. Akasema basi kama ni hivyo nimpige picha. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kanisani kichwani, akasimama kando ya pikipiki na kuushika usukani kana kwamba ni yake. Nilipiga mara moja tu. Akasema imetosha, nisije nikaimaliza filamu, ambayo kamera hii haina.

Nikamwambia nitaituma kwa simu ya mmoja wa watoto wake. Hakutaka kusikia.

"Picha ni ya kushika," akasema. "Wapiga picha wa zamani walikuwa wanakuja na pikipiki hivi hivi, wanapiga, halafu wanaleta. Wewe utaleta ama ni wale wa kutoroka?"

Nikasema nitaleta.

Bungoma nilifika, nikanywa chai, mvua ikanyesha, kamera haikutoka tena kwenye mfuko. Nilirudi Kitale kabla ya giza, nikiwa juu ya pikipiki kama tulivyokubaliana, ingawa kushuka ilibidi nisaidiwe.

Mke wangu alichukua kamera akaketi. Za soko alizipita haraka, akisema ndizi hata hapa ziko. Alipofika kwa yule mama akatulia. Akauliza ni nani, nami nikamsimulia yote, akacheka mpaka akafuta machozi. Nikajua nimepona.

"Lakini amefunga macho," akasema.

Nikaangalia. Ni kweli. Picha moja ya maana, na mwenyewe amefumba kama yuko kwenye maombi.

"Ulimwahidi utampelekea?"

"Nilimwahidi."

"Sasa utapelekea mama ya watu picha ya macho yamefungwa? Si watasema ni ya matanga?"

Nilikuwa nikimwona mzee wa kanisa akiondoka na pikipiki yangu.

Mzee mwenyewe alikuja kesho yake baada ya ibada kuuliza safari ilikuwaje. Mimi nilikuwa kwenye kochi na chupa ya maji moto mgongoni. Mke wangu ndiye aliyetoka. Nikamsikia akimwambia kwamba hiyo pikipiki haiuzwi kwa sasa, iko na kazi. Jumamosi inaenda Mabanga, kuna mama anatakiwa apigwe picha tena akiwa macho, halafu irudi huko kuipeleka picha ikishachapishwa, na bila shaka majirani zake nao watataka zao.

Nikalala pale nikisikiliza, bila uhakika kama nimeshinda ama nimeajiriwa.