Beseni la Simu

Dhahabu ilipoonekana kwenye kilima kilicho ng'ambo ya mto, kitu cha kwanza kupanda bei huku Gorong'a kilikuwa vyumba vya kupanga, na kitu cha kwanza kuzorota kilikuwa mtandao. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimeletwa na serikali kutoka Lushoto, nimepanga kwa mama mmoja wa Kikurya, mjane. Kabla ya hapo nyumba yake ilikuwa nusu tupu. Mwezi haukuisha, vyumba vyote vikajaa wachimbaji: vijana wa Geita, wa Kahama, wa Singida na wengine wa hapohapo Tarime, kila mmoja na simu yake.

Asubuhi, wakiwa shimoni, nilizungumza na dada yangu wa Lushoto kama vile tumekaa jiko moja. Ikifika alasiri walipanda juu, wakaoga, wakajilaza vitandani na kufungua video. Hapo mnara ulielemewa. Kwenye simu yangu kilibaki kiduara kinachozunguka tu.

Isingeniuma sana, lakini nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwa masafa, na chuo kilinijulisha kwamba nitatetea pendekezo langu la utafiti kwa video, mbele ya jopo la wahadhiri, saa kumi jioni. Niliomba wanisogezee asubuhi. Wakanijibu kwa heshima zote kwamba ratiba imeshapangwa.

Basi nikaamua kuachana na bando za simu na kuhamia intaneti ya nyumbani, ile ya kasi, yenye ruta ndani na antena juu ya paa. Fundi alikuja na bodaboda kutoka Tarime mjini, antena ameifunga mgongoni. Alikuwa mkweli kuliko wauzaji wengi ninaowajua. Alinieleza kwamba antena itanasa mawimbi vizuri kuliko simu na kifurushi chenyewe ni kikubwa, lakini mnara ni uleule, na kilima kizima kikiingia mtandaoni kwa pamoja, hata mimi nitapungukiwa.

"Nisikudanganye, mwalimu," alisema. "Utaona tofauti. Ila usitarajie miujiza saa za jioni."

Mama mwenye nyumba hakutaka mtu yeyote akanyage mabati yake. Nilimbembeleza mpaka akakubali, kwa sharti moja: neno la siri la hiyo ruta na yeye alijue, kwa kuwa paa ni lake. Nikamtajia. Hakutaka kuandikiwa, alilikariri palepale huku anapepeta ulezi. Nikajiambia hakuna ubaya, maana simu yake ilikuwa ya vitufe, haina hata kamera.

Siku za mwanzo nilistarehe. Nilipakua vitabu vizima kabla chai haijapoa. Kisha kasi ikaanza kushuka, kwanza jioni, halafu hata Jumapili asubuhi. Nikampigia fundi kulalamika. Akanielekeza jinsi ya kufungua ruta na kuangalia ni vifaa vipi vimeunganishwa. Nilipoona orodha nilicheka peke yangu. Nyumba nzima ilikuwa humo.

Nikaelewa kwa nini siku hizo ua ulikuwa unafagiwa hata kabla sijaamka. Mama alikuwa amepata mshahara wa kuwalipa vijana. Aliyechota maji alipewa neno la siri, aliyepasua kuni alipewa, na aliyemrudisha mbuzi aliyepotea alipewa pia.

Fundi aliniambia nibadilishe neno la siri, ni kazi ya dakika chache. Nilisita. Nyumba ni yake, na wale vijana walikuwa wananisalimia vizuri. Nikaona afadhali niseme. Nilimweleza mama kwamba siwanyimi, ila kuna siku moja nitahojiwa na walimu wangu walioko Dar es Salaam, na saa hiyo nahitaji mtandao wote uwe wangu.

"Ukishindwa kujibu wanakurudisha nyuma?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Akaendelea na shughuli zake, nami sikujua kama amekubali au amekataa.

Siku yenyewe, wachimbaji waliporudi na vumbi lao, walimkuta mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, beseni la bluu mapajani.

"Mura, simu," alimwambia wa kwanza, kama Wakurya wanavyomwita kijana. "Utaichukua mwalimu akimaliza."

Kijana akaitumbukiza. Nyuma yake wakafuata wengine. Mmoja mtu mzima, mwenye ndevu, alijaribu kujitetea kwamba anasubiri kupigiwa na mwenye duara, yaani mwenye shimo analochimba. Mama akamjibu kwamba mwenye duara akimtaka anajua pa kumkuta. Na ya kwake ikaingia.

Nilipofungua kompyuta, wahadhiri walitokea safi kabisa, mpaka madoa ya tai ya mwenyekiti niliyaona. Nje, watu waliokosa la kufanya walikuja kukaa kwenye benchi chini ya dirisha langu. Nikaanza kueleza jinsi ya kufundisha baiolojia pale ambapo hakuna maabara, kwa kutumia vyura na mimea ya mtoni. Nilikuwa nimechangamka, mwenyekiti akaanza kuuliza swali, ghafla akaganda, mdomo wazi.

Nikakimbilia mlangoni kuangalia nani ameficha simu. Wote wakaninyooshea mikono mitupu. Nikarudi, nikasikia sauti kwenye kompyuta.

"Samahani sana, mwalimu," alisema mwenyekiti. "Ni huku kwetu Dar. Leo mtandao umezidiwa."

Nje walicheka, na mimi nikacheka, na baada ya hapo woga wote ukaniisha. Nilijibu maswali yao hadi mwisho. Walinipitisha, wakanipa masahihisho machache.

Mama alinipokea uani kwa swali moja tu. "Wamekurudisha?"

"Hapana, mama. Nimepita."

Akagawa simu. Zilikuwa zinalia ovyo kwa ujumbe uliorundikana, lakini yule mwenye ndevu aliiweka yake mfukoni bila kuitazama. Alitaka kujua kama ni kweli moyo wa chura una vyumba vitatu, na wa mtu una vingapi. Tukakaa pale mpaka chakula kikaiva.

Baadaye tulielewana: siku zangu za kusoma, hakuna video mpaka magharibi. Waliheshimu hilo hadi dhahabu ilipopungua, wakahamia kilima kingine. Mama naye akanunua simu ya kugusa. Alipenda mahubiri marefu na vichekesho vya Kikurya, akiviangalia kwa sauti kubwa, mlango wazi. Mara nyingi kitabu kilinishinda, nikachukua kigoda na kwenda kukaa naye.