Maji ya Baraka Maabarani

Siku ile maabarani, chuo kikuu cha Mutanga, tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Divine, ambaye wazazi walipofariki niliacha shule ili nimlee, na profesa wake. Wao walitoka, wakaniacha na mashine inayomulika matone ya damu kutafuta malaria.

Ghafla ikawaka yenyewe. Ikavuta tone moja, ikalikodolea mwanga, ikavuta jingine, kama inamtafuta mtu. Nikatoa maji ya baraka mkobani, nikainyunyizia mpaka ikazima.

Divine akarudi na profesa, akaona damu yote imechuruzika pamoja na maji.

"Dada, nani alimwaga maji?"

"Mi. Iliwaka bila mutu."

"Utafiti wangu ni huo, kuipangia zamu ijiwashe, ifanye kazi bila mutu."

Profesa aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Damu ile niliwabembeleza mwenyewe majirani wa mtaani kwetu Nyakabiga waitoe. Bila nyingine, Divine hamalizi masomo, na bado sijabisha hodi hata mlango mmoja kuiomba tena.