Video ya Neema na barua iliyogoma kushuka

Leo nimefuta video ya mwanangu akipiga hatua zake za kwanza, kisa barua ya kurasa mbili.

Barua yenyewe ni ya kuitwa kwenye usaili wa kazi, kesho asubuhi, Nzega. Lazima niende nayo imechapishwa.

Nabonyeza "Pakua", simu inaniambia imeshindikana. Mara sita. Neema yuko mgongoni analia, nami nakaribia kumfuata.

Nikajua tu simu imejaa. Nikafuta picha, nikafuta video zote, tena moja kwa moja.

Bado imeshindikana.

Nikaenda stesheneri. Dada wa pale akabonyeza mara mbili, barua ikashuka.

"Mama Neema, simu haijajaa. Inakuomba ruhusa ya kuhifadhi faili, wewe unabonyeza 'Kataa'."

Si ninyi marafiki zangu humu mlioniambia nikikubali ovyo nitaibiwa?

Haya, barua ninayo. Ila bibi yake Neema, kule Bukene, anatumia kitochi, simu isiyopokea video. Nilimwahidi Jumapili nitamwonyesha mjukuu wake alivyoanza kutembea.

Kuna niliyemtumia ile video? Chekeni, lakini mkimaliza kucheka mnitafutie kwenye simu zenu.