Mbawakawa wa Jicho Moja

Kwa nini mdudu mmoja ang'ae kwa jicho moja na azime kwa jicho lingine? Mama aliniuliza hivyo akiwa ameketi kwenye kigoda, uani kwetu Isiolo, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Aliuliza polepole, na ndiyo maana niliogopa. Mama akiwa na hofu ya kweli hushusha sauti.

Jicho lake la kulia lilikuwa limeondolewa mtoto wa jicho majuzi tu. Daktari alimpa masharti mawili: akae mbali na moshi, na kila asubuhi afunike jicho moja, atazame kitu kimoja, kisha abadilishe. Jicho lile likiona giza arudi siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Sharti la pili alilishika. La kwanza lilimshinda. Mama anauza maziwa ya ngamia, na kila jerikeni lazima ifukizwe kwa kijiti cha mgunga kinachowaka kabla ya kutiwa maziwa, ndipo yasichache upesi na yawe na harufu wanayoipenda wateja. Nilikuwa nimejitolea kufukiza badala yake. Alionja maziwa yangu, akatema, akasema yana harufu ya nyumba iliyoungua.

"Hooyo, mdudu gani?" nilimuuliza. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na mama zetu huwaita watoto wao vivyo hivyo, kwa hiyo nyumbani sote wawili ni hooyo.

"Huyu hapa."

Mbawakawa wa kijani alikuwa amekuja na kuni, sasa ametulia juu ya kifuniko cha jerikeni.

"Kwa kushoto ni taa," alisema. "Kwa kulia ni kipande cha mkaa."

Ndipo niliposikia harufu ya moshi kwenye shungi lake.

"Hooyo, umefukiza?"

"Kidogo tu. Nilivaa miwani."

Miwani yenyewe, ambayo bado ilikuwa usoni mwake, ilikuwa yangu. Ile ya hospitali ilikuwa imekanyagwa na mbuzi, naye mama akachukua niliyokuja nayo kutoka chuoni, miwani ya sinema ya 3D, akidhani ni ya jua. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu metamateria, vitu ambavyo binadamu huviunda kwa safu nyembamba mno, dhahabu juu ya kioo, kioo juu ya dhahabu, zikiwa na vichoro vidogo kuliko wimbi la mwanga. Mwanga unaweza kusafiri ukijizungusha kama uzi wa parafujo, kwa kulia au kwa kushoto. Macho yetu hayatofautishi. Kipande tulichounda kiliurudisha mmoja na kuupitisha mwingine. Miwani ile ina lenzi moja inayopitisha mwanga wa kulia peke yake na moja ya mwanga wa kushoto, basi tuliitumia kukagua vipande vyetu haraka haraka.

Yote hayo niliyajua, na asubuhi ile hakuna hata moja lililonijia. Nilichoona ni jicho la mama likizima kwa sababu sikujua kufukiza.

Jirani yetu, mshirika wake wa maziwa, aliingia kuchukua jerikeni. "Salaam aleikum. Mbona mmekaa kama waliofiwa?"

Mama alimweleza. Jirani alinigeukia. "Msomi, si ulisomea mwanga wewe? Haya, mwanga ndio huo. Ama nimpigie dereva tumpeleke hospitali Meru?"

"Mpigie," nilisema. Mimi niliyezoea kumuuliza kila mtu, mhadhiri hata shehe, amejuaje, siku hiyo ningemwamini yeyote ambaye angeniambia mama hatapofuka.

Tukingoja gari nilimwomba mama atazame kiganja changu, jicho moja moja. Kilikuwa sawa kwa yote mawili. Kifuniko kilikuwa sawa, na uso wa jirani pia. ("Mbaya kwa yote mawili," alisema mama, kwa sauti ile ile ya chini.) Mbawakawa peke yake ndiye aliyezima. Nilianza kujiuliza: jicho linalozima linawezaje kuchagua mdudu?

"Hooyo, geuza miwani. Juu iwe chini, lakini usiigeuze mbele nyuma."

Aliishika kwa mikono miwili mbele ya uso, maana mikono ya miwani haikukaa tena masikioni. Nilimfunika jicho la kushoto mimi mwenyewe. Kope zake zilikuwa zikipigapiga kwenye kiganja changu.

"Anang'aa," alisema.

Nikamfunika la kulia.

Aliinama karibu na kifuniko. "Mkaa."

"Wallahi, ugonjwa umehama," alisema jirani. "Umeingia jicho la pili."

"Kilichohama ni lenzi," nilisema, nikaketi chini kwenye majivu.

Bado tulikwenda Meru. Sikuwa tayari kuamini jaribio nililolifanya kwa hofu. Daktari alimulika, akasema jicho ni safi, akamgombeza kuhusu moshi kama mtoto. Njiani kurudi mama alinishika mkono.

"Nimeelewa ya miwani, hooyo. Lakini kwa nini mdudu? Kwa nini si kifuniko?"

Nilimwambia sijui, na ni kweli sikujua. Nilidhani kuuchagua mwanga namna ile ni kazi ya mashine na maabara. Kwa majuma mengi baadaye nilimchungulia mlangoni kila asubuhi akifunika jicho moja, kisha la pili, na sikupumua mpaka ashushe mkono.

Miaka ilipita kabla sijajua. Ganda la mbawakawa wa aina ile limejengwa kwa safu nyembamba za nyuzi, kila safu imezungushwa kidogo juu ya iliyo chini yake, kama ngazi ndani ya mnara wa msikiti, na hurudisha mwanga unaozunguka kwa kushoto peke yake. Ule wa kulia hupita safu zote na kupotelea gizani chini yake, kwa hiyo lenzi ya mwanga wa kulia ilimwonyesha mama mkaa, ilhali kifuniko hurudisha mwanga wote.