Chai Tamu Isiyofika Tumboni

Mama yangu alipenda sukari kuliko alivyompenda baba yangu, na baba alijua. Kabla ya vita, kule Baraka, alijaza kikombe sukari mpaka chai ikawa haina pa kukaa.

Vita vilipotufukuza tukapanda milimani, sukari ilibaki nyumbani pamoja na kitanda na kuku. Mi nilibeba mtoto mgongoni, mwingine tumboni, sufuria, na kichupa cha vile vidonge vyeupe vya utamu ambavyo wachuuzi walileta wakati sukari ilipopotea sokoni. Kidonge kimoja, kikombe kizima. Nilijiona mwanamke mwenye akili.

Mama hakuwa na meno. Muhogo wa kuchoma aliukataa, akataka chai tu. Siku za kwanza alikunywa na kucheka. Halafu akaanza kukunywa na kuniangalia.

“Hii chai iko tamu mu mudomo. Mu tumbo haifike.”

“Mama, iko tamu ao haiko tamu?”

“Iko tamu. Iko ya uongo.”

Leo mjukuu wangu anasomea uuguzi Uvira, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe, na naomba hilo lijulikane. Ndiye aliyenieleza. Ulimi ukionja utamu, unakimbia kuuambia ubongo kwamba sukari imekuja, na ubongo unafurahi palepale. Lakini utumbo una walinzi wake. Hao wanangoja sukari yenyewe ipite ndipo watume habari juu, kwa mshipa wa fahamu. Wasipotuma, ubongo unabaki unadai. Nikamwambia mjukuu kwamba mama yangu alinieleza hivyo hivyo, ila yeye aliongeza matusi.

Asubuhi moja bunduki zikasikika bondeni, karibu. Jirani yetu mwenye mtumbwi alikuwa chini Swima, kando ya ziwa, akatuma neno: leo jua likianza kushuka anavuka ziwa, hamngoji mtu. Tukafunga mizigo. Mama akakaa juu ya jiwe, mikono inatetemeka, jasho usoni.

“Muende. Mi nabaki.”

Bwana yangu alikuwa na nguvu za kubeba mifuko miwili ya chumvi. Lakini kwetu mwanaume hamgusi mama wa mke wake, hata kukaa naye karibu hakai. Alisimama mbali, nyuma ya migomba, akapiga kelele:

“Mwambie mama nitamubeba na kitambaa mu macho!”

“Mwambie huyo mukwe,” mama akajibu akiangalia upande mwingine, “akinigusa, haya itaniua kabla ya risasi.”

Nikapika chai haraka, nikatia vidonge viwili. Akakunywa, uso ukang'aa, akainua matako kidogo kwenye jiwe. Akakaa tena.

“Unaona? Kichwa kimekubali. Magoti yamekataa.”

Bwana yangu akaingia katika shamba lililoachwa, akarudi na miwa, akaiweka njiani, akajificha tena. Kuitwanga kungepeleka kelele mpaka kwa basoda, wale askari wa bondeni. Nikaanza kutafuna mimi mwenyewe na kutema maji yake katika kikombe.

“Sasa unanipa mate?”

“Na we ulinitafunia ndizi nikiwa mutoto. Nani alilalamika?”

“Ulikuwa hauna akili.”

Lakini akakunywa. Nikamuuliza kama iko tamu.

“Kidogo. Vidonge vyako vinaishinda.”

Akanirudishia kikombe nikijaze. Nikatafuna mpaka fizi zikatoka damu, na hilo sikumwambia. Akakunywa, akafumba macho. Nikafikiri amelala. Bunduki zikasikika tena. Nikatazama mikono yake: ilikuwa imetulia.

“Imefika,” akasema, na akasimama.

Njia ya kushuka Swima ni nyembamba. Mama alitangulia, mwendo wa kinyonga. Bwana yangu hakuweza kumpita bila kumgusa, kwa hiyo alifuata nyuma kabisa na mizigo yote kichwani, amegeuza uso pembeni kwa heshima, akijikwaa kwa kila mzizi.

“Mwambie mama aongeze mwendo!”

“Mwambie aongeze miwa!”

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Mwenye mtumbwi alishashika kasia, anatukana hata kabla hatujafika. Mama akaingia, akakaa mbele. Bwana yangu akakaa nyuma. Mi nilikaa katikati na kikombe, nikitafuna.