Nyoka Wawili wa Nyarugusu

Mzungu aliyeniachia wale nyoka alikuja dukani kwangu kutafuta dawa ya utitiri. Nina duka la dawa za mifugo hapa Geita mjini, na nimezoea kuulizwa mambo ya kupe, minyoo na kuku wanaosinzia. Yeye aliniwekea juu ya kaunta boksi la plastiki lenye matundu. Ndani yake kulikuwa na nyoka wawili wembamba, kila mmoja urefu wa mkono wangu, wenye pete nyekundu, nyeusi na nyeupe kutoka shingoni hadi mkiani. Mama mmoja aliyekuwa akichagua dawa ya mbuzi alitoka mbio bila kuaga. Mimi sikutoka. Nilivimba kichwa nikamwambia mgeni kwamba baba yangu kule Didia ni muyeye, mmoja wa wale Wasukuma wanaocheza ngoma na nyoka, na kwamba hata mimi nilichanjwa dawa ya nyoka tangu utotoni.

Mdomo huo ndio ulioniponza. Mkataba wake wa kazi ulipoisha alirudi na boksi lilelile, akaniomba niwachukue kwa kuwa hangeweza kusafiri nao. Yeye mwenyewe aliachiwa na mwenzake aliyetangulia kuondoka. Alisema wanaitwa nyoka wa maziwa, kwa sababu huko Amerika wanakotoka watu wa zamani walidhani wananyonya ng'ombe zizini. Hawana sumu, wanakula panya. Nilipomuuliza ni wa aina gani hasa, na kama wana kibali cha kuingizwa nchini, aliangalia viatu vyake. Nikawachukua hivyohivyo, huku nikijua si sawa.

Nilitaka angalau kujua nimepewa nini. Nilijiunga na kundi moja la mtandaoni la wafuga nyoka, nikapiga picha, nikatumia simu kutafsiri maneno yao. Wakaniambia nihesabu pete nyekundu. Nikahesabu. Wakasema nitazame kama pua ni nyeusi au ina madoa meupe, na kama magamba mekundu yana ncha nyeusi. Nikawatazama mpaka macho yakauma. Mmoja akasema ni wa Honduras, mwingine akaapa ni wa Meksiko, wakaanza kutukanana wao kwa wao wakanisahau. Mwishowe mtu mmoja mpole akaniuliza, wazazi wao walikamatwa wapi? Nikasema sijui. Akajibu kwamba basi hakuna atakayeweza kuniambia, kwa sababu nyoka wa namna hii huzaliwa ndani ya maboksi, wa huku wakachanganywa na wa kule, hata ukitaka kuwarudisha hakuna pa kuwarudisha.

Mke wangu alinipa siku chache tu za kuchagua kati yao na yeye. Nami nikamkumbuka baba. Mguu wake ulikuwa umeharibika, chatu aliyezoea kumwazima kila msimu alikuwa amekufa, na vijana wa kikundi chake walikuwa wanampa kiti pembeni ya ngoma kama mgeni wa heshima. Mzee aliyekuwa anafungua uwanja sasa anashikiwa bakuli la uji! Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilijionea huruma na mimi, maana sifa zake ndizo nilizokuwa nikizitembeza mjini.

Nilifika Didia asubuhi. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu. Akaitikia, akafungua boksi kabla hata sijakaa. Alimtoa mmoja, akamgeuza tumbo, akamfungua kinywa kwa kijiti, akamnusa, akamwachia apande mkononi. Alikaa naye muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nzoka huyu simjui." Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akisema hivyo juu ya nyoka yeyote.

Halafu akaniuliza, "Umemtoa wapi?"

Kwa baba, swali hilo halikuwa la kupitisha muda. Kwake nyoka ni wa kuazima. Unamchukua kwao, unacheza naye msimu wa ngoma baada ya mavuno, na ukiisha unamrudisha palepale alipotoka. Asiyejulikana kwao hachezwi, na wa kununuliwa au wa kutupwa na mwenyewe ndiyo kabisa. Nilijua kwamba nikisema kweli atafunika boksi na kurudi kwenye kiti chake.

"Nyarugusu," nikasema. "Wachimbaji wa dhahabu wamewakuta shimoni, ndani ya duara, chini kabisa."

Uso wake ukafunguka. "Ndiyo maana!" akasema. "Hawa ni wa chini, ningewajulia wapi? Tazama, ng'wanone, mwanangu. Huu wekundu ni udongo wa kule. Huu weusi ni mwamba. Na huu weupe ni lile jiwe linalokaa na dhahabu." Alikuwa anapitisha kidole pete kwa pete. Mimi nilitikisa kichwa kukubali.

Msimu ule baba alirudi uwanjani. Alicheza na mguu wake mbovu, pete zile zikimzunguka shingo, watu wakisukumana kumwona. Kila alipoulizwa alijibu kwa kelele, "Wa Nyarugusu!" Wazee wa kikundi cha upande wa pili, washindani wake wa ngoma ambao walikuwa wakimcheka, walikuja kumwomba awaeleze. Akawaeleza ya udongo, mwamba na lile jiwe. Nilikuwa nimesimama karibu na nilipiga makofi kama wengine. Nilifurahi, siwezi kudanganya, lakini ilikuwa furaha ya mtu anayekula nyama ya wizi.

Ngoma zilipoisha akanipigia simu. "Njoo na gari, tuwarudishe."

Nilikuwa nimelisahau hilo, au nilijisahaulisha. Nikamwambia abaki nao, wamemzoea, hakuna atakayemdai. Alifoka, "Mimi si mwizi! Nimetangaza kwao mbele za watu, halafu niwafungie?" Nikaazima gari la rafiki yangu. Njia nzima nilikuwa nikipanga namna ya kumwambia, na njia nzima yeye alikuwa na boksi mapajani, akiwaambia kwa Kisukuma kwamba wanakaribia nyumbani.

Nyarugusu nilimpeleka kwenye kilima cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa kimechimbwa hadi kubaki vifusi, mashimo yaliyofunikwa maturubai, na mashine za kusaga mawe zikipiga kelele. Baba akapiga goti kwa shida, akamweka mmoja chini. Yule nyoka alikwenda kama shibiri moja, akasimama, akatoa ulimi, kisha akageuka akapanda mkono wa shati lake. Wa pili alijikunja ubavuni mwa boksi. Wachimbaji waliacha kazi wakatuzunguka na kucheka.

"Si hapa," baba akasema. "Uliambiwa duara lipi?"

Nikanyoosha kidole. Sikuchagua hata pa kunyoosha. Akachechemea mpaka pale, juani, akapiga goti tena. Nyoka wakakataa tena. "Labda lile kule," nikasema, na akaenda na kule. Ningeweza kumwita. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi, na nilimwangalia mgongo wake akiteleza kwenye vifusi nikanyamaza, kwa sababu niliogopa aibu kuliko nilivyomhurumia.

Mwishowe akakaa chini. Akamuuliza mchimbaji mmoja zamani hapa palikuwaje. Akaambiwa palikuwa na pori, limeisha juzijuzi tu, mashine zilipoletwa.

"Kumbe kwao kumechimbwa," baba akasema. Akawarudisha ndani ya boksi taratibu. Akavua kofia, na mbele ya watu wale akawaomba nyoka msamaha. "Nimewachelewesha kwa ajili ya sifa zangu. Ningewaleta mapema mngekuta nyumba."

Siku hizi hachezi nao. Anasema yatima hachezeshwi uwanjani. Anawatafutia panya mwenyewe, na ngoma zikilia jirani anakaa nao ndani. Nimekwenda Didia mara kadhaa nikiwa nimejiapiza kusema, nikarudi na viazi alivyonifungashia. Nikimwambia sasa, nitamwonyesha kwamba alisema uongo mbele ya nchi nzima, na aliyemtia uongo huo kinywani ni mimi. Nisipomwambia, atabeba hadi kaburini kosa ambalo si lake.

Juzi alinipigia simu. Mvua zimenyesha, akaniuliza kama nimepita kule kilimani, kama majani yameanza kuota.

"Bado, baba," nikamwambia.

"Basi," akasema, "tutasubiri."